Gavana ya Mvuke na Kadi ya Grafiki: Historia Fupi ya Kuongeza Kasi Bila Kuunguza

Huku Sutton Coldfield tu wazima, baridi ndiyo hiyo mnayoijua. Leo nina historia kidogo, maana kuna swali linanijia kutoka nyumbani mara kwa mara na nimeona nilijibu hapa ili wote mfaidi.

Mdogo wetu anayehariri video za harusi anauliza kama kadi ya grafiki iliyomo kwenye kompyuta yake inaweza kuongezwa kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani, na isiungue. Wenzake wamemwambia ni rahisi, unashusha programu ya bure, unavuta kitufe upande wa kulia, basi. Mafundi huita jambo hili ovakloki.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana. Lakini kadi ile ndiyo jembe lake. Harusi ikisha Jumamosi, watu wanataka video yao, na kadi ikifa katikati ya msimu hakuna atakayempa nyingine ya mkopo. Kwa hiyo kabla hajavuta kitufe ni vizuri ajue habari hii ilianzia wapi. Na sehemu kubwa ya mwanzo wake iko karibu kabisa na ninapokaa.

MVUKE WA BIRMINGHAM

Sutton Coldfield ulikuwa mji wa peke yake hadi mwaka 1974 ulipounganishwa na Birmingham. Ukipanda basi kwenda Handsworth utaikuta Soho House, nyumba ya Matthew Boulton, ambayo siku hizi ni makumbusho. Boulton alikuwa tajiri wa viwanda. Mwaka 1775 aliingia ubia na fundi wa Kiskoti, James Watt, wakawa wanatengeneza injini za mvuke na kuziuza kwa wenye migodi na viwanda.

Watt alikuwa mwoga wa presha, na alikuwa na sababu. Injini zake zilitumia mvuke usiozidi sana nguvu ya hewa ya kawaida. Kwa hiyo zilikuwa kubwa mno, nzito, na polepole, lakini hazikulipuka ovyo. Matangi ya siku zile yaliungwa kwa mabamba ya chuma yasiyoaminika. Watt aliona kuongeza presha ni kucheza na roho za watu, na akapinga waziwazi. Hataza yake ilidumu hadi mwaka 1800, ikawazuia wengi wasijaribu njia zao.

Hataza ilipokwisha, kijana wa Cornwall aitwaye Richard Trevithick akaenda njia nyingine. Yeye alitaka mvuke wenye presha kubwa, ili injini ndogo ifanye kazi ya injini kubwa. Hiyo ndiyo ovakloki ya wakati ule: maji yale yale, chuma kile kile, lakini unakamua zaidi. Mwezi Septemba 1803 tangi la injini yake moja lililipuka huko Greenwich, likaua watu kadhaa. Injini ilikuwa imesimamishwa huku vali ya usalama imefungwa, moto unaendelea kuwaka chini, na aliyepaswa kuiangalia hayupo.

Angalieni alichofanya Trevithick baada ya hapo, kwa sababu ndicho kiini cha habari yote hii. Hakurudi kwenye mvuke dhaifu. Aliongeza vali ya pili ya usalama, akaweka kizibo cha risasi kinachoyeyuka chenyewe maji yakipungua na tangi likizidi moto, na akaweka kipimo cha presha. Februari 1804, miezi michache tu baadaye, injini yake ya presha kubwa ilivuta mabehewa kwenye reli huko Penydarren, Wales. Treni zote za mvuke mlizozisikia, pamoja na zile zilizopita reli ya Tanga, zinatoka kwenye ukoo huo.

Kwa upande wao Boulton na Watt waliacha vitu viwili ambavyo hadi leo vinatusaidia. Cha kwanza ni gavana. Vinu vya nafaka vilishakuwa na kifaa cha namna hiyo. Mwaka 1788 Boulton alikiona kwenye kinu kimoja London akamweleza Watt, naye akakifunga kwenye injini. Ni vyuma viwili vyenye vichwa vya mviringo vinavyozunguka pamoja na injini. Injini ikikimbia sana, vyuma vinatanuka kwenda nje na kupunguza mlango wa mvuke. Ikizubaa, vinashuka na mlango unafunguka. Mashine inajizuia yenyewe, hakuna mtu wa kuikemea.

Cha pili hakijulikani sana. Mwaka 1796 msaidizi wa Watt, John Southern, alitengeneza kifaa chenye kalamu kilichochora kwenye karatasi jinsi presha ndani ya silinda inavyopanda na kushuka injini ikiwa kazini. Kampuni iliificha kama siri ya biashara kwa miaka mingi. Mtu mwenye mchoro ule aliona ndani ya injini, wakati wengine walikuwa wanasikiliza kelele na kubahatisha. Sisi manesi tunaelewa thamani yake. Chati ya mgonjwa ya joto, mapigo na presha ni ndugu wa karatasi ya Southern.

Neno gavana kwetu si geni. Februari 2004 nchini Kenya zilianza kufanya kazi kanuni zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki. Kila matatu ililazimika kuwa na mikanda, mstari wa njano, na spidi gavana ya kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa. Madereva wengine wakatafuta mafundi wa kuichezea. Gari iliyochezewa gavana haikuvunjika siku ile ile, ilikwenda vizuri tu. Hapo ndipo watu hudanganyika. Kifaa cha usalama ukikiondoa, kwa muda unaona faida tupu.

MAPIGO YA KOMPYUTA

Sasa tuje kwenye kompyuta. Ndani yake kuna kipande kidogo cha kristali kinachotetema kwa mpigo usiobadilika, na kazi zote zinafuata mpigo huo. Mgonjwa tunamhesabia mapigo kwa dakika. Chipu inahesabiwa kwa sekunde, na kila mapigo milioni moja ni megahezi moja. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na megahezi 4.77.

Mwaka 1984 IBM ilitoa IBM PC AT yenye megahezi 6. Watu wakafungua boksi, wakakuta kristali imechomekwa tu, wakaitoa na kuweka ya mpigo wa juu. Mashine ikaenda megahezi 8 bila tatizo. IBM haikupenda. Katika matoleo yaliyofuata iliweka ndani ya programu ya kuwashia kompyuta kipimo cha kasi, na mashine iliyokutwa inakimbia kupita kiasi ilikataa kuwaka. Hiyo nayo ilikuwa gavana, ila ya kulinda biashara.

Wale waliowahi kutumia kompyuta kuukuu za mitumba watakumbuka kitufe kilichoandikwa Turbo. Wengi tulidhani ukikibonyeza unaiongezea kompyuta nguvu. Kumbe nia yake hasa ilikuwa kuirudisha nyuma ifanane na ile IBM ya zamani, kwa sababu kuna gemu zilizotungwa kufuata kasi ile, na kwenye mashine mpya zilikimbia hadi hazichezeki.

Kwa nini chipu iweze kukimbia kuliko ilivyoandikwa? Kiwanda hutengeneza chipu nyingi kwa pamoja kwenye bamba moja la silikoni, na hazitoki sawa, kama maandazi ya sufuria moja. Nyingine zinastahimili kasi kubwa, nyingine hazistahimili. Kiwanda hukata kiwango ambacho hata ile dhaifu itakifikia, kwenye chumba cha joto, kwa miaka. Ile namba kwenye boksi ni ahadi. Juu ya ahadi hubaki akiba, na akiba ya kadi yako si lazima ilingane na ya jirani yako aliyenunua aina ile ile.

Wakati mwingine akiba hiyo ilikuwa kubwa ajabu. Agosti 1998 Intel ilitoa chipu ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300. Ukiiweka kwenye mazabodi inayoruhusu mpigo wa 100 badala ya 66, chipu nyingi zilipanda hadi 450 na kutulia hapo. Nusu nzima ya ziada bila kulipa. Hapo ndipo ovakloki ilipotoka kwa mafundi wachache na kuwafikia vijana wa kawaida.

Lakini walikuwepo na wajanja. Katika miaka hiyo ya 1990 wafanyabiashara walifuta maandishi ya chipu za kasi ndogo, wakaandika kasi kubwa, na kuuza kwa bei ya juu. Mnunuzi aliovaklokiwa bila kujua. Ni moja ya sababu zilizoifanya Intel ifunge njia ya kubadili kasi kwenye chipu zake nyingi.

KADI ZA GRAFIKI ZINAINGIA

Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo Graphics, iliyofanya kazi ya gemu za picha za pande tatu tu. Kwa mambo mengine ulihitaji kadi ya pili. Chipu zake zilikwenda megahezi 50 na hazikuwa hata na feni. Wacheza gemu waligundua kwamba mstari mmoja kwenye faili la kuwashia kompyuta unaipandisha hadi 57. Mwaka 1999 Nvidia ikaleta GeForce 256, megahezi 120. Zikafuata programu za kuvuta kasi kwa kipanya, mashuhuri zaidi ikiwa RivaTuner ya Mrusi Alexey Nicolaychuk. Huyo huyo ndiye nyuma ya MSI Afterburner, programu ambayo mdogo wetu ameambiwa aishushe.

Kadiri kasi ilivyopanda, adui akawa joto. Mwaka 2003 kadi ya GeForce FX 5800 Ultra, yenye megahezi 500, ilihitaji feni yenye kelele kiasi kwamba watu waliifananisha na mashine ya kufagilia vumbi. Hesabu yake ni hii, na naomba muitazame vizuri. Joto la chipu hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Ukiongeza kasi asilimia 10 peke yake, joto linaongezeka kama asilimia 10. Ukiongeza na volti asilimia 10 ili kasi hiyo itulie, unazidisha 1.1 mara 1.1 mara 1.1, unapata 1.33. Theluthi nzima ya joto zaidi kwa faida ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana chipu nyingi hufa kwa volti, kasi husingiziwa tu.

Joto haliui lazima siku moja. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mapajani zilizokuwa zikiharibika. Vifungashio na viungio vidogo vilivyoshika chipu vilikuwa dhaifu, na kupata moto na kupoa kila siku kuliviletea nyufa. Chipu zile zilipita majaribio kiwandani na kufanya kazi vizuri kwa muda. Ni kama presha ya kupanda ya mtu anayejisikia mzima.

Mabadiliko makubwa yakaja Machi 2012. Kadi ya GeForce GTX 680 ilitoka na kitu kilichoitwa GPU Boost. Kadi inajipima yenyewe joto na umeme inaotumia, na ikiona kuna nafasi inapanda kutoka megahezi 1006 hadi 1058 na zaidi, ikizidiwa inashuka. Ni vile vyuma vya mviringo vya mwaka 1788, vimefanywa vya silikoni. Tangu hapo karibu kila kadi ya maana ina gavana ndani. Na tangu hapo kiwanda kinaitumia chenyewe ile akiba iliyokuwa ikiachwa. Enzi ya Celeron ya asilimia 50 imekwisha. Kwenye kadi za sasa, ukipata asilimia 5 hadi 10 umefanya vizuri.

SASA MDOGO WETU AFANYEJE?

Historia hii inafundisha jambo moja. Waliofanikiwa kukimbiza mashine ni wale waliotanguliza kipimo na kizuizi, kisha ndipo wakaongeza kasi. Waliofunga vali walipata ajali. Basi afuate mpangilio huo huo.

Kwanza kipimo. Kabla ya kugusa chochote aiache kadi ifanye kazi yake ya kawaida kwa nusu saa, kutoa video moja nzima, huku akiandika joto, kasi na muda uliotumika. Namba hizo ndizo za kulinganishia. Bila hizo hatajua kama ameongeza kitu au amejifurahisha.

Pili apoze. Hapa ndipo maelekezo ya watu wa Ulaya yanapopotosha. Mtu wa Sutton Coldfield anajaribu kadi yake kwenye chumba cha digrii 18. Tanga mwezi Februari chumba kina 32, na vumbi limejaa kwenye mapezi ya feni. Kadi nyingi za Nvidia za miaka ya 2010 zilianza kujipunguza kasi zikikaribia digrii 80 na kidogo. Kwa hiyo kadi ya Tanga inaweza kuwa imeshashikwa na gavana kabla hujaongeza lolote. Asafishe vumbi, aiondoe kompyuta kwenye kona ya ukuta, aongeze mzunguko wa feni. Huenda akaipata kasi anayoitafuta kwa brashi ya rangi na uvumilivu.

Tatu ajaribu kushusha volti kidogo na kuiacha kasi ilivyo, ile wanayoiita andavolti. Kwa hesabu ile ile, volti ikipungua asilimia 10 joto la kazi linashuka karibu asilimia 19, kwa kuwa 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Kadi iliyopoa inapandishwa na gavana yake yenyewe. Kwa mtu wa pwani mimi naona hii ndiyo njia bora.

Nne, akitaka bado kuongeza, apandishe kasi ya chipu megahezi 15 au 20 kwa mara moja, ajaribu kwa kazi halisi, ndipo aongeze tena. Akiona vinukta, rangi za ajabu au programu inajifunga, arudi hatua mbili nyuma. Memori ya kadi aipandishe kwa zamu yake, asichanganye. Tena memori za aina ya GDDR5 na zilizofuata zinaweza kutambua makosa na kurudia kutuma data, kwa hiyo ukizidisha huoni kasoro kwenye skrini, unaona kazi inakwenda polepole kuliko mwanzo. Ndiyo maana nimesema aandike muda. Na mapendekezo ya kuhifadhi mipangilio ijiwashe na kompyuta, ayakatae hadi wiki kadhaa zipite salama.

Tano, asiguse volti kwa kupandisha, na asibadilishe bayosi ya kadi ili kuondoa vizuizi. Huko ni kufunga vali ya Greenwich. Pawa saplai iwe ya uhakika, maana umeme unaopanda na kushuka unaua kuliko kasi. Waya za umeme azisukume hadi mwisho. Novemba 2022 Nvidia ilisema ina taarifa za kesi kama 50 duniani za kadi ya RTX 4090 zilizoyeyuka kwenye plagi, na chanzo kikubwa ilichotaja ni plagi ambazo hazikuingizwa zote.

La mwisho ni kwa wanunuzi wa mitumba. Septemba 15, 2022 mfumo wa sarafu ya Ethereum uliacha kutumia kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikichimba sarafu usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu. Nyingine zilitunzwa na kushushwa volti. Lakini nyingine zina bayosi zilizobadilishwa na feni zilizochoka. Ukikuta kadi ya bei ya kushangaza Kariakoo, omba uione ikifanya kazi nusu saa kabla ya kutoa pesa, na uangalie kasi yake kama inalingana na iliyotangazwa na mtengenezaji. Wale wafuta maandishi wa miaka ya 1990 wana wajukuu.

Mdogo wangu, nimekuandikia marefu, lakini hesabu yako mwenyewe ni fupi. Ukipata asilimia 7, video ya saa moja itatoka kwa dakika 56. Kama dakika nne hizo zina thamani kwako kuliko kadi kudumu miaka miwili zaidi, endelea kwa hatua nilizokuandikia. Kama hazina, safisha vumbi, shusha volti, ulale.

Wengine mnisalimie bibi, mwambieni dawa za presha asiziache hata akijisikia mzima. Tuandikiane.